Umepokea kwa nani? Barua ya wazi kwa wanangu mnaosoma nyota

Wanangu,

Wiki mbili zilizopita nilialikwa kumsikiliza kijana akitetea tasnifu yake ya uzamili. Alikuwa amechukua spektra za nyota, yaani nuru yake iliyotawanywa kwa rangi, kutoka Sloan, mradi wa kupima anga. Akapima mistari ya sodiamu iliyomo, akailinganisha na jedwali la urefu wa mawimbi alilopakua mtandaoni: mstari ukionekana mrefu kuliko wa jedwali, nyota inatukimbia. Popote alipochagua nyota zake, wastani ulimjia uleule: zinatukimbia kwa takriban kilomita 83 kwa sekunde. Akafurahi, na ukumbi ukampigia makofi.

Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza: urefu wa mawimbi ulio kwenye Jedwali la 4 la tasnifu yako ni wa hewani au wa kwenye ombwe, pasipo hewa? Akanitazama. "Mwalimu, nimeutoa kwenye kanzidata." Nikauliza, na nani aliupima? Akajibu vilevile: kanzidata. Wasimamizi wake wawili, waliokaa mbele yangu, wakainamia karatasi zao.

Spektra za Sloan huandikwa kwa urefu wa mawimbi wa kwenye ombwe. Jedwali alilolipata kutoka NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, kwa sehemu hiyo ya nuru, hutoa urefu wa hewani usipoomba vingine. Mstari uleule wa sodiamu ni nanomita 588.995 hewani na 589.158 kwenye ombwe. Gawanya tofauti hiyo kwa urefu wenyewe, zidisha kwa kasi ya nuru, upate kilomita 83 kwa sekunde. Nyota za watu zilikuwa zimetulia zake. Alichokipima mwanangu ni hewa.

Kijana simlaumu sana. Kilichoninyima usingizi ni lile jibu, "kanzidata", kwa sababu nalisikia kila mahali sasa.

Nilipokuwa mdogo chuoni, mwalimu wetu hakupokea hadithi ya Mtume isiyo na isnadi, ule mnyororo wa majina ya walioipokezana. Ukianza "imepokewa kwamba", anakukatiza: kwa nani? Na huyo alipokea kwa nani? Unataja majina mpaka umfikie aliyesikia kwa masikio yake, na ukikwama katikati unakaa chini. Tulimwona mkali. Leo namwombea rehema, maana alinifundisha sayansi kabla sijaliona darasa la fizikia.

Namba za atomu na molekuli zina isnadi zake. Nyuma ya kila mstari kuna mtu aliyewasha taa maabara akapima, au aliyekokotoa miezi na miaka jinsi molekuli zinavyogongana. Fungueni faili la kaboni monoksidi kutoka LAMDA, kanzidata ya molekuli ya Leiden, Uholanzi. Lisomeni kwa macho, msiishie kulilisha kwenye programu. Mtakutana na viwango vya nishati, kisha mipito kati ya viwango hivyo, kisha kabla ya safu ndefu za namba za migongano kuna mstari mmoja mfupi wa maandishi: molekuli inagongana na haidrojeni ya aina gani, nani alikokotoa, mwaka gani. Yang na wenzake, 2010. Imo humo humo mnamoivuta namba, na wenye LAMDA wanaomba waziwazi muwataje hao waliokokotoa. Mnaruka mstari huo kwa sababu gani?

Mkidhani hili ni jambo la adabu tu, sikilizeni habari ya Jua. Kwa miaka mingi kiasi cha oksijeni kwenye Jua kilisomwa kwa mstari mwembamba wa nanomita 630.0. Mwaka 2001 Carlos Allende Prieto, David Lambert na Martin Asplund walionyesha kwamba ndani ya mstari huo amejibanza nikeli. Kwa hesabu yao, iliyotumia pia modeli mpya ya angahewa ya Jua, oksijeni ikapungua kuliko tulivyofundishwa. Lakini nikeli ni kiasi gani? Nguvu ya mstari wake ilikuwa bado ni ya kukokotoa, haijapimwa. Ikabidi Sveneric Johansson na wenzake wa Lund, Uswidi, waipime maabara, wakachapisha 2003. Ubishi juu ya oksijeni ya Jua unaendelea hadi leo, na anayetaka kuuingia lazima ajue namba yake ni ya kabla ya kipimo kile au ya baada yake. Jina la kanzidata peke yake halitamwambia.

Na hapa nina ugomvi na wakubwa. Fedha za darubini zinapatikana, na zikipatikana kuna picha na utepe wa kukatwa. Anayekaa maabara kupima mstari mmoja wa nikeli hana utepe. Charlotte Moore Sitterly alitoa jedwali lake la mistari mwaka 1945, kisha juzuu tatu za viwango vya nishati vya atomu kati ya 1949 na 1958, na vizazi vya wanaastronomia vikala kutoka mkononi mwake. Wangapi kati yenu mmewahi kusikia jina hilo? Nasi huku kwetu, shule ngapi zina spektromita iliyofungiwa kabatini, bado imo kwenye nailoni yake, isije ikaharibika? Mwaka 1974 setilaiti ya Ariel 5 ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, hapa baharini Ngomeni. Ndiyo iliyokamata mstari wa chuma katika gesi ya moto ya kundi la galaksi la Perseus, habari iliyochapishwa 1976. Bila fizikia ya atomu, nani angejua kwamba kile ni chuma?

Mengine nayataja tu. Andikeni tarehe mliyopakua data na toleo lake. Tazameni vizio vya vipimo. Usichanganye orodha mbili bila kuangalia kama mstari mmoja umehesabiwa mara mbili. Angalieni makadirio ya kosa, na pasipo na kosa lililoandikwa, ogopeni zaidi. Msiseme ni kazi kubwa: VALD, kanzidata ya mistari ya atomu, inakupa marejeo pamoja na mistari uliyoomba, na mtandao wa VAMDC, ulioanza 2009, unauliza kanzidata nyingi kwa mpigo mmoja na kuleta jibu pamoja na vyanzo vyake.

Na wewe, mwanangu wa kilomita 83, usiitupe tasnifu. Vipimo vyako ni safi. Kosa likitoka, kazi itasimama. Jedwali la 4 lina safu tano, liongezee ya sita: nani, mwaka gani, hewani au ombwe. Njoo nyumbani Malindi Jumamosi. Nina jiko la gesi, chumvi ya Gongoni, na spektromita ya zamani ya shule niliyoikarabati mwenyewe. Utanyunyiza chumvi kwenye moto, utaweka jicho, na utaiona mistari yote miwili ya manjano, 589.0 na 589.6. Hiyo ni ya hewani. Chai itakuwa tayari, na safu ya sita tutaijaza pamoja.

Mwalimu wenu mstaafu,
Malindi