Nusukaputi: tusiishie kwenye GABA

Ndugu Mhariri,

Makala za afya zikigusia dawa za nusukaputi za jamii ya babitureti, kama thiopentoni, husema zinaipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo, kisha basi. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili inahusu kalsiamu, na bila hiyo msomaji hawezi kuelewa vizuri kwa nini dozi ikizidi moyo nao hulegea.

GABA ikishika kipokezi chake, mlango wa kupitisha ioni za kloridi hufunguka na seli ya neva inakuwa ngumu kusisimka. Babitureti huufanya mlango huo ukae wazi kwa muda mrefu zaidi; dozi ikipanda, huufungua hata GABA isipokuwepo. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, haina uwezo huo, na ndiyo maana peke yake haiui kwa urahisi kama babitureti.

Tuje kwenye kalsiamu. Msukumo wa umeme ukifika kwenye ncha ya neva, milango ya kalsiamu hufunguka, ioni zikaingia, na vifuko vya kemikali vikamwaga ujumbe kwa seli inayofuata. Mwaka 1975 watafiti Blaustein na Ector walionyesha kwamba babitureti hupunguza kalsiamu inayoingia kwenye ncha hizo. Vipimo vya baadaye, vya seli moja moja, vilionyesha mkondo wenyewe wa umeme unaobebwa na kalsiamu ukipungua na kuzimika upesi kuliko kawaida. Pentobabito, babitureti ya usingizi, huhitaji dozi ndogo kufanya hivyo kuliko fenobabito, babitureti ya kifafa, jambo linalodhaniwa kuwa sababu mojawapo ya fenobabito kuzuia kifafa bila kumlaza mgonjwa.

Kipimo hicho cha mkondo wa kalsiamu kina mitego, na wanafunzi wengi hunasa. Mkondo wa sodiamu huzuiwa kwa tetrodotoksini, sumu ya samaki, na wa potasiamu kwa sesiamu ndani ya pipeti ya kioo, kijineli chembamba kinachobanwa kwenye seli. Nje ya seli huwekwa bariamu badala ya kalsiamu, kwa sababu hupita kwa wingi bila kuifunga milango haraka. Seli hushikiliwa kwenye milivolti -80, kisha hurushwa hadi 0 ili milango ifunguke. Hapo sasa: mkondo huu hufifia wenyewe dakika hadi dakika, hasa pipeti ikikosa ATP, kemikali inayoipa seli nishati, na asiye makini ataandika kwamba dawa imefanya kazi. Dawa lazima isafishwe na mkondo uonekane ukirudi. Tena, chumvi ya sodiamu ya pentobabito ina ualkali. pH, yaani kipimo cha asidi na ualkali, isiporudishwa 7.4, ualkali huo huukuza mkondo na kuficha athari ya dawa.

Wodini, jambo hilihili lina uzito wa uhai. Misuli ya moyo nayo hujikunja kwa kalsiamu. Thiopentoni hupunguza nguvu ya kujikunja huko, na wakati huohuo hulegeza vena, hivyo damu inayorudi moyoni hupungua. Mtu mzima mwenye afya hupewa miligramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya uzito; aliyepoteza damu akipewa kiasi hicho kwa mkupuo, presha inaweza kuporomoka palepale. Huyo aongezewe maji au damu kwanza, dozi ipunguzwe sana, na sindano isukumwe taratibu. Miligramu 500 huyeyushwa kwa mililita 20 za maji safi ya sindano, yaani asilimia 2.5. Isichanganywe na saksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, kwenye bomba moja: thiopentoni ni alkali kali, na zikikutana hufanya mashapo.

Flumazenili, inayoondoa athari ya diazepamu, haisaidii kitu hapa, na hakuna dawa nyingine ya kuigeuza thiopentoni. Kinachomwokoa mgonjwa ni njia ya hewa iliyo wazi, oksijeni, kupumuliwa kwa mfuko na presha kushikiliwa hadi dawa isambae mwilini. Tunaomba waandishi wenu wa safu za afya wayaandike haya pamoja na GABA, na wasimamizi wa vyumba vya upasuaji wahakikishe mfuko na oksijeni vimejaribiwa kabla thiopentoni haijavutwa kwenye bomba.

Walimu wa famakolojia,
Dar es Salaam