Kempavani na Mlima wa Harlech

Ukikodi kempavani, yaani gari lenye vitanda na jiko ndani, kwenda kushinda kwenye ngome ya Harlech, Wales, barabara kuu haitakusumbua. Kazi iko kwenye kilomita ya mwisho. Ngome imekaa juu ya mwamba wa karibu mita 60, mji umeng'ang'ania mteremko huohuo, na ramani ya simu hukutafutia njia fupi bila kujua unaendesha gari gani.

Njia fupi hiyo yaweza kuwa Ffordd Pen Llech. Mwaka 2019 Guinness, watunza rekodi za dunia, waliutangaza kuwa mtaa wenye mwinuko mkali kuliko yote duniani, kisha mwaka 2020 sifa ikarudi Baldwin Street, New Zealand. Wa kwanza au wa pili, usiingie na kempavani. Barabara ya A496 hupita chini, karibu na stesheni ya treni; B4573 hupita juu, mjini. Chagua moja ungali mbali, usikatize kutoka moja kwenda nyingine ukiwa umeshafika.

Hatari kubwa ni kushuka. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu huwa yamenyonya unyevu. Unyevu huo ukichemka unageuka mvuke. Mvuke hubanika, hivyo pedali inazama na gari halisimami. Ingia gia ya pili kabla mteremko haujaanza, kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi, achia, kisha rudia. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama zipoe zenyewe. Usizimwagie maji.

Punguza uzito pia. Lita moja ya maji ni kilo moja: watu wawili kwa siku moja hutosheka na lita 20, kwa hiyo tangi la lita 70 lililojaa linakupandishia mlimani kilo 50 za bure. Na tangu Septemba 2023 kikomo cha kawaida kwenye barabara za makazi Wales ni maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi.

Ukiegesha, weka sahani yenye maji kidogo mezani. Maji yakikimbilia upande mmoja, panda kabari za kusawazishia kwa magurudumu ya upande huo. Friji ya gesi haina kompresa, yaani pampu ya kuzungusha kipoozeo. Kimiminika chake hurudi chini kwa uzito wake, na gari likiinama sana kinakwama. Friji itaendelea kuwaka huku maziwa yanachacha.

Ngome yenyewe ipe saa mbili au tatu, isiwe ya kupiga picha na kuondoka. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliijenga bahari ikiwa bado inafika chini ya mwamba, na shehena zikipandishwa kwa ngazi kutoka ufukweni. Simama ukutani utazame vilima vya mchanga vilivyochukua nafasi ya maji, utaelewa jinsi ngome hii, iliyoweza kupokea shehena kwa bahari, ilivyostahimili kuzingirwa miaka saba, hadi 1468, kabla ya kusalimu amri. Mwenye kiti cha magurudumu ataingia kwa daraja la mwaka 2015, bila ngazi.

Kabla ya kurudi, funga valvu ya mtungi wa gesi, shusha paa la kuinuka, kama gari linalo, na ulibane, ingiza kidaraja cha mlangoni, kisha ushuke kwenye kabari taratibu na kuzikusanya.