Si maringo, shoga yangu

Shoga yangu,

Salaam nyingi kutoka Mombasa. Nimesikia umeniudhikia, eti nimekuja arusini kwa mwanao nikala biriani tu, sinia la mahamri na sambusa nikalisukuma kando. Tena umeambiwa najikondesha. Laiti! Miaka 2 nilikuwa nikikonda bila kutaka, tumbo limejaa hewa kama ngoma, na vidonge vya kuongeza damu namaliza kopo baada ya kopo, damu iko palepale.

Mwishowe daktari mmoja akanipima, kisha nikapitishwa mpira wenye kamera hadi kwenye utumbo mdogo, vikatolewa vipande vya kupimwa. Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Gluteni, ile inayoufanya unga wa chapati uvutike, ikiingia tu, kinga ya mwili wangu inaugeukia utumbo wangu mwenyewe. Vile vinyweleo vya kufyonza chakula vimelala chini, ndiyo maana vidonge vilikuwa vinapita tu. Dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai (nafaka jamii ya ngano), maisha yangu yote. Wanangu nao nawapeleka wakapimwe, maana hutembea katika ukoo. Kwa sasa chapati wanakula kama kawaida. Ukiacha ngano kabla ya kipimo, majibu yanaweza kuonyesha huna kitu.

Nikajiambia, rahisi! Sisi si watu wa wali, muhogo, samaki wa kupaka na vibibi? Hebu sikia. Shangazi, kwa huruma yake, alinipikia vitumbua. Nikala vinne, vya moto, iliki inanukia. Usiku sikulala, mimi na choo, choo na mimi. Asubuhi namwuliza alitia nini. "Mchele mtupu mwanangu, na tui." Akanyamaza kidogo. "Na kiganja kimoja cha ngano, vishikane."

Kiganja! Na chakula cha kuandikwa kuwa hakina gluteni, kiwango cha kimataifa ni gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo nzima. Sikumgombeza, angelia. Lakini tangu siku hiyo mchele wa vitumbua nausaga mwenyewe nyumbani. Hata unga wa sima siuchukui tena mashineni, maana aliyenitangulia huenda kasaga ngano. Viazi vya karai vya pale kona nimeviaga: vikikosa ngano kwenye unga wake, mafuta ni yaleyale ya mahamri. Kikaango changu nimekifunga kitambaa chekundu mpinini, na atakayekipikia chapati tutakosana.

Nafuu ninaiona. Huu ni mwezi wa tatu tangu niache ngano, damu imeanza kupanda na kanga hainiporomoki kiunoni. Lakini nisikudanganye, asubuhi jirani akianza kukaanga mahamri nafunga dirisha. Mbaazi sasa nakula na muhogo. Si sawa, usikubali mtu akuambie ni sawa.

Ramadhani nakuja kwako kama tulivyoagana. Boko boko, ile ya ngano na nyama, kaa nayo mbali. Shurba yangu nitelekee kando kabla hujatia ngano, mwiko wake mbali, na unipakulie mimi kwanza kabla mikono haijashika sambusa. Vibibi nitapika mwenyewe. Ukiniona nashuka garini na kikaango kwapani, usinicheke mbele ya wakwe zako.

Wako akupendaye,
Mwenzio wa Mombasa