Barua kwa mwanangu: Si lazima uniambie uko sawa

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu unawahi kusema uko sawa, nami nawahi kusema hatujambo, na mazungumzo yanaishia hapo. Mama yako aliligundua hilo kabla yangu. Wiki za kwanza za masomo yako ughaibuni ulisimulia mpaka usiku ukatukuta tungali tunakusikiliza: treni zinazofika kwa dakika zilizoandikwa, maktaba isiyofungwa, darasa lenye watu wa kila taifa. Siku hizi unauliza habari za wadogo zako, unatushukuru, unakata.

Basi niseme lililonikaa moyoni. Huna deni la kutufurahisha. Hatukukupeleka huko ili utuletee habari njema kila wiki. Siku ikiwa mbaya, sema ni mbaya. Tutahuzunika, kisha tutalala. Kinachotukosesha usingizi ni kukisia.

Tangu nilipoisikia sauti yako ikipungua nimekuwa nikisoma kuhusu hali hii, na nimekuta ni ya zamani sana. Mwaka 1688, Johannes Hofer, kijana aliyesomea udaktari Basel huko Uswisi, aliandika tasnifu juu ya ugonjwa wa kutamani nyumbani. Mmoja wa wagonjwa aliowaeleza alikuwa mwanafunzi kutoka Bern aliyekuja kusoma hapo Basel. Itazame ramani, mwanangu: kwa mstari ulionyooka miji hiyo miwili haiachani hata kilomita 100. Hata hivyo kijana yule alidhoofika mpaka watu wakamwombea kama mtu wa kufa, na alipoanza kurudishwa kwao akapata nafuu akiwa bado njiani. Sikuambii hayo ili ufunge mizigo. Nataka ujue kwamba kutamani nyumbani hakupimwi kwa maili, wala si dalili ya mtu dhaifu.

Baadaye sana, mwaka 1954, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alitoa hotuba Rio de Janeiro juu ya hatua anazopitia mtu aliyehamia ugenini. Kwanza mgeni huvutiwa na kila kitu. Kisha huja kipindi cha kukereka. Mambo madogo humchosha, wenyeji humwonekea wakavu, naye hutafuta watu wa kwao ili wakae pamoja kuwasema wenyeji hao. Baada ya hapo, polepole, huanza kuzielewa njia za mahali hapo, hata siku moja akajikuta hahangaiki tena. Wachunguzi waliokuja baadaye wameonyesha kwamba si kila mtu hufuata mpangilio huo. Wengine huanza na uchungu tangu siku ya kwanza. Lakini nilipoisoma hatua ya pili nilikuona wewe. Ugumu umekujia baada ya shamrashamra kwisha, wakati kila mtu alidhani umeshazoea, na labda ndiyo sababu unauonea haya.

Ombi langu kubwa ni hili: usiamue jambo zito katika kipindi hiki. Kubadili kozi, kuacha masomo, kujiambia kwamba chuo hicho si cha watu kama wewe, hayo yote yaache kwanza. Ukishapata miezi kadhaa ya usingizi mzuri na bado ukataka kubadili, nitakusikiliza, na sitakushurutisha.

Sasa kuhusu watu. Umesema wenzako ni wema lakini hakuna urafiki. Mwanangu, watu wazima hawafanyi urafiki kwa kutambulishwa. Wanaufanya kwa kuonana mara nyingi bila kupanga. Chagua jambo moja lenye siku na saa yake, iwe kwaya, mpira, darasa la lugha ya wenyeji au kazi ya kujitolea, uende kila wiki hata siku ambazo hutaki. Wiki za mwanzo utakaa kando. Baadaye mtu atakuuliza mbona wiki iliyopita hukuonekana, na hapo utakuwa umeshaanza kuwa na mahali pako. Ninaamini katika hilo kuliko sherehe kumi za kukaribisha wageni. Watu wa kwetu walioko huko usiwakimbie, maana kucheka kwa lugha yako ni dawa. Ila ukiona kila mkikutana mnaishia kuwalaumu wenyeji, wewe ondoka mapema.

Nasi pia tuna sehemu yetu katika hili. Usiku tukiwa nawe kwenye simu mpaka usingizi unakuchukua, mwili wako uko huko na maisha yako yako huku, na asubuhi unaamka mgeni vilevile. Mama yako na mimi tumekubaliana tupunguze. Tutaongea Jumapili kwa urefu na katikati ya wiki kwa ufupi. Ukizidiwa, piga saa yoyote, hata iwe usiku wa manane kwetu.

Masomoni, najua unaogopa kuinua mkono kwa sababu ya lafudhi. Kaa mbele, ndiko maneno ya mhadhiri yanakokufikia yakiwa kamili. Wahadhiri wengi hutenga saa za kuonana na wanafunzi, na saa hizo mara nyingi hupita bila mtu kubisha hodi. Nenda na swali moja uliloliandika. Kuuliza si ujinga. Jambo jingine: taratibu za kutaja vyanzo huenda zikawa kali kuliko ulivyozoea. Kunakili aya bila kusema umeitoa wapi kunaweza kukufukuzisha chuo hata kama hukukusudia kudanganya, basi waombe wakuonyeshe mfano wanaoutaka kabla hujakabidhi kazi ya kwanza.

Mambo ya karatasi nayo hayasubiri huzuni iishe. Katika karne ya 12, wanafunzi wa kigeni waliokuwa Bologna, huko Italia, waliweza kubanwa walipe madeni ya watu wa kwao, mpaka Kaizari Frederick Barbarossa akatoa sheria ya kuwalinda. Leo unalindwa na mengi zaidi, lakini lazima ujue masharti yako. Soma viza yako mwenyewe, neno kwa neno, usitegemee ya rafiki aliye nchi nyingine. Uingereza, kwa kawaida, mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ujerumani huhesabu siku za mwaka mzima. Ukizidisha kwa kutojua, kosa ni lako, na kibali kinaweza kupotea. Andika tarehe ya kibali kuisha mahali unapoiona kila siku.

Na kwa kuwa unataka kuhama chumba, usilipe amana ya chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakiona kwa macho. Siku ya kuingia piga picha kila ufa na kila doa, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Pesa ya chakula isigeuke zawadi za kutuma nyumbani. Hakuna ndugu mwenye haki ya kukulaza njaa.

Giza lenyewe limenishtua, kusikia kwamba jua linazama saa kumi alasiri. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza huzuni inayorudi kila majira ya baridi mwanga unapopungua, kwa hiyo si mawazo yako tu. Toka nje adhuhuri, hata kukiwa na mawingu. Muulize daktari kuhusu vitamini D pia. Huduma ya afya ya Uingereza hupendekeza mikrogramu 10 kwa siku katika vuli na majira ya baridi, na huwashauri wenye ngozi nyeusi kama sisi wafikirie kuitumia mwaka mzima, kwa kuwa jua la kaskazini halitutoshi.

Lakini ikiwa kwa wiki mbili mfululizo huwezi kulala wala kula, au hakuna kinachokupa raha hata kidogo, usingoje Jumapili yetu. Nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au kwa daktari, ueleze kama ulivyo. Na ukipata wazo la kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, kisha utupigie. Hakuna atakayekuona umeshindwa. Mimi nitakuwa wa kwanza kukushukuru kwa kwenda.

Wiki hii nakuomba ufanye moja tu: pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, uulize kuhusu chumba na kuhusu mshauri. Kisha niandikie walichokujibu, na uniandikie pia siku yako ilikuwaje, kama ilivyokuwa kweli.

Mama yako na wadogo zako wanakusalimu sana.

Akupendaye,
Baba yako