Wanasayansi wa ziwa letu wachunguze pamoja

Mhariri,

Hapa Kisumu na maeneo ya jirani hatuna uhaba wa wanasayansi. Kule Kisian, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, inachunguza malaria na kichocho. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, inafuatilia samaki. Maseno kuna chuo kikuu, na Bondo kuna kile cha Jaramogi Oginga Odinga. Ziwa lao ni moja, Ziwa Victoria. Ombi langu ni kwamba walichunguze pamoja.

Tazama gugumaji, lile gugu linaloelea ziwani. Mwaka wa 1997 watafiti wa kilimo waliachilia wadudu aina ya fukusi wanaolitafuna, nalo likapungua sana. Baadaye likarudi. Fukusi hawana uwezo juu ya mbolea na majitaka yanayoingia ziwani, na hicho ndicho chakula cha gugu hilo. Kwenye mizizi yake hukaa konokono wanaoeneza kichocho. Linapofunika ufuo, boti za wavuvi wa Dunga hazitoki. Sasa hilo ni suala la nani? La mtaalamu wa wadudu, wa udongo, daktari au mchumi? Ni lao wote, na kila mmoja akilishika kivyake atatuletea kipande tu cha jibu.

Ushirikiano wa namna hii tumeuona ukizaa matunda papa hapa. Katika kituo cha Mbita cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, wataalamu wa wadudu walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi ili kuwafukuza nondo wa funza wa mabua, na majani ya nepia kandokando ili kuwavuta huko. Wakashangaa kuona kayongo, lile gugu linalonyonya mahindi yetu, nalo linapungua. Mtaalamu wa wadudu peke yake angeishia kushangaa. Walishirikiana na wanakemia wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ikabainika kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazochochea mbegu za kayongo kuota, na nyingine zinazoizuia isishike mizizi ya mahindi, hivyo ikafa. Leo wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya wanaijua mbinu hiyo ya sukuma-vuta, na ng'ombe wao wanakula desmodiamu na nepia hiyo hiyo.

Kwa hivyo nawasihi wakuu wa vyuo: mwanafunzi wa uzamifu anayeshughulikia ziwa awe na wasimamizi wawili kutoka idara mbili tofauti. Mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, kazi aliyoifanya na wenzake wa fani nyingine ipewe uzito wake, maana wengi huogopa kuwa jina lao litapotea katika orodha ndefu ya waandishi. Nanyi serikali za kaunti za kandokando ya ziwa, mnapotoa pesa za utafiti wa gugumaji, zipeni timu zenye fani zaidi ya moja, na wavuvi waalikwe tangu swali linapotungwa, kabla ripoti haijaandikwa.

Kwa watafiti wenyewe: wa Kisian na awapigie simu wa KMFRI wiki hii.

Mwalimu wa sayansi,
Kisumu