Risala ya Waimbaji na Wapiga Tarumbeta kwa Mgeni Rasmi, Tamasha la Kumkumbuka Mwalimu Wetu, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wachungaji, mama mjane na watoto wa marehemu, walimu wa kwaya jirani na wageni waalikwa, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu sana Moshi.

Mheshimiwa, tangu wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893, kuimba sauti nne kumeota mizizi huku mlimani. Lakini wengi wetu tulijiunga na kwaya tukiimba kwa kukariri: unamfuata aliye jirani yako, akipotea mnapotea wote. Mwalimu alilikataa jambo hilo. Kila mazoezi aliandika solfa ubaoni, yaani nota za do, re, mi, kisha akakitoa kile chuma chake cha kupatia sauti, chenye ncha mbili, akakigonga gotini na kukisogeza sikioni. Kinatoa nota ya la, kutoka hapo anatafuta do ya wimbo na kuigawia kila sauti. Hatukuruhusiwa kutamka neno hata moja la wimbo kabla nota hazijakaa sawa. Mama zetu ambao hawakubahatika kusoma sana shuleni, leo wanasoma solfa bila kusita. Mvua ya masika ikipiga mabati, sisi tukitaka kupaza, yeye alitushusha: "Punguzeni, msikilizane."

Baada ya mazishi, familia ilitukabidhi madaftari yake. Ndani tulikuta wimbo ambao hakuwahi kutufundisha, sauti zote nne zimekamilika kwa kalamu. Tumejifunza kwenye karatasi tu, wenyewe, na utausikia leo. Besi walihangaika na ubeti wa tatu, wamefika.

Mheshimiwa, madaftari hayo yameanza kuliwa na unyevu, na kurasa nyingine wino umefifia. Tunaomba utusaidie kupata kompyuta na printa ili tungo zote zichapwe, zijalidiwe na kugawiwa kwa kwaya zitakazozihitaji. Pili, tunao vijana wawili wenye vipaji tunaotamani wakasome muziki Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kule Usa River. Michango ya tamasha hili tumeitenga kwa ajili ya ada yao, ila haitatosha.

Mama, asante kwa kutuvumilia jioni zile zote alizochelewa kurudi nyumbani kwa sababu yetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.