Risala ya Walimu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuhitimisha Juma la Wazazi Kukaa Darasani

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Ndugu Afisa Elimu wa Kata,
Waheshimiwa viongozi wa mtaa na viongozi wa dini,
Wazazi na walezi, walimu wenzetu, na wanafunzi wetu wapendwa,

Shikamooni kwa wote mnaostahili shikamoo, na habari za asubuhi kwa wote.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uhai na afya tukakutana tena katika uwanja huu, huku Mlima Kilimanjaro ukiwa wazi tangu alfajiri bila wingu hata moja. Tunakushukuru na wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu. Hatuna haja ya kukutembeza, maana shule hii ni yako: uliufagia uwanja huu kwa fagio la chelewa ukiwa mtoto, na humu ndimo ulimopata cheti chako cha darasa la saba kabla ya kuendelea na safari ya elimu iliyokufikisha hapo ulipo. Ndiyo maana tumeona ni vyema tukueleze kwa uwazi yale tuliyoyaona wiki hii, mazuri na yale yanayotuumiza.

Ndugu Mgeni Rasmi, kuanzia Jumatatu hadi jana Ijumaa, madarasa yetu yote yalikuwa wazi kwa wazazi na walezi. Hatukuwaita kwenye mkutano, wala hatukuwaita kusomewa matokeo ya mtihani. Tuliwaomba wakae kwenye madawati ya nyuma, wafuate vipindi kama vilivyo kwenye ratiba, dakika 30 kwa darasa la kwanza na la pili na dakika 40 kwa madarasa ya juu, pasipo kumnong'oneza mtoto jibu. Tulifanya hivyo kwa sababu ya mvutano uliodumu kwa muda mrefu kati yetu na wazazi. Kila muhula tulikuwa tukiandika kwenye ripoti za baadhi ya watoto kwamba hawajamudu kusoma, na kila muhula wazazi walikuwa wakija kutuambia, "Lakini mwalimu, nyumbani anasoma vizuri kabisa." Jumatatu, kipindi cha pili, tuligundua kwamba pande zote mbili zilikuwa zikisema kweli.

Kilikuwa kipindi cha Kiswahili, darasa la pili. Mtoto mmoja, ambaye hatutamtaja, alisimama akasoma ukurasa mzima wa hadithi ya jogoo bila kukwama, kwa sauti nzuri, akipumzika penye nukta. Bibi yake aliyekuwa ameketi nyuma alifuta machozi ya furaha kwa ncha ya kanga. Ndipo mwalimu, kwa upole na bila kusema lolote, akaweka kiganja chake juu ya mstari wa nne. Mtoto akaendelea kusoma. Akausoma mstari uliofunikwa, akausoma na uliofuata, macho yake yakiwa dirishani. Baadaye, wenzake walipokuwa wakiandika, mwalimu alimwita ubaoni akaandika neno moja tu kutoka katika ukurasa uleule, neno "jogoo". Mtoto alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kuanzia mwanzo wa hadithi. Kipindi kilipokwisha, bibi alimfuata mwalimu mlangoni akamwambia, "Kumbe siku zote nimekuwa nikisikiliza wimbo."

Ndugu Mgeni Rasmi, mtoto yule si mvivu wala si mzito wa kuelewa. Mtoto anayeweza kushika ukurasa mzima kwa kuusikia tu ana akili inayofanya kazi kubwa kuliko tuliyompa. Tulipokaa jioni ile kutafuta chanzo, tulikipata haraka. Katika darasa lile kitabu kimoja cha kusoma kinatumiwa na watoto sita. Mmoja anakishika, wawili wanachungulia kutoka ubavuni, na waliobaki wanasikiliza. Kwa hiyo sikio limechukua kazi ya jicho. Na sisi walimu tulilisaidia sikio pasipo kujua, kwa desturi yetu ya kuwaitikisha watoto wote kwa pamoja: "Ba, be, bi, bo, bu!" Sauti za watoto wengi zikiungana, darasa linasikika limeelewa, na yule asiyejua anajificha humo humo mpaka afike darasa la nne. Kosa hilo ni letu, na tumelikiri mbele ya wazazi.

Kuanzia Jumanne mwalimu wa darasa lile aliweka kitabu pembeni. Alikata maboksi ya biskuti akatengeneza kadi, kila moja ikiwa na silabi moja, akawagawia watoto. Mtoto aliyeshika "ka" alisimama kushoto, aliyeshika "ta" akasimama kulia, darasa likasoma: kata. Mwalimu akawaomba wabadilishane nafasi, na darasa likasoma: taka. Watoto walicheka sana, kisha kila mmoja akataka zamu yake. Lugha yetu imetujalia irabu tano tu na silabi ambazo karibu zote huishia na irabu, hivyo mtoto akishazifahamu silabi hizo kwa macho yake, njia mbele yake hunyooka upesi kuliko katika lugha nyingi. Ugumu huja baadaye, kwenye "mbwa", "chwa" na "nywele", na kwenye ile alama ndogo ya ritifaa inayotenganisha "ngoma" na "ng'ombe", ambayo ilichukua karibu kipindi kizima cha Alhamisi.

Hapa tuombe radhi tuseme neno juu ya bibi yule. Yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima cha miaka ya 1970, wakati ambapo Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alirudi siku zote tano. Alhamisi alitueleza kwamba mwalimu wao wa kisomo alikuwa akiwakataza kusoma neno lolote kabla ya kuligusa kwa kidole. Sasa darasa zima la pili linasoma kwa kidole, na jambo hilo hatukulipata katika semina yoyote.

Katika Hisabati, darasa la nne lilipewa swali ambalo jibu lake lilikuwa likionekana mlangoni. Kati ya vilele vya mlima wetu, Kibo ina urefu wa mita 5,895 juu ya usawa wa bahari na Mawenzi mita 5,149. Je, Kibo imeizidi Mawenzi kwa mita ngapi? Watoto wengi walipata 754. Mwalimu hakuwawekea alama ya kosa. Aliwauliza wamefikaje hapo, ndipo ikaonekana kwamba kwenye mamoja, walipoona tano haitoshi kutoa tisa, waligeuza wakatoa tano kwenye tisa. Mzazi mmoja anayeuza ndizi soko la Kiborloni aliombwa aeleze anavyofanya anapokosa chenji, naye akasema kwamba mtu akikosa fedha ndogo hamgeuzii mteja deni, bali huvunja noti. Mwalimu akachukua vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa kamba ya mgomba, akafungua fungu moja mbele yao: tano zikawa kumi na tano, mafungu tisa yakabaki manane. Jibu likawa mita 746. Tunaamini watoto wale hawatalisahau fungu lile lililofunguliwa.

Jumatano darasa la tano lilichuja maji ya tope kwa chupa iliyokatwa kitako, ikapangwa kokoto, mchanga na mkaa; maji yalitoka maangavu, na watoto wakaelezwa kwamba uangavu si usalama, hivyo lazima yachemshwe kabla ya kunywewa. Alhamisi, katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, mzee mmoja mkulima wa kahawa alizungumza juu ya mifongo, ile mifereji ya asili iliyokuwa ikishusha maji ya mlimani hadi vihambani kwenye migomba na kahawa, na juu ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933. Watoto walimuuliza kama aliuona Mwenge wa Uhuru ukiwashwa kileleni usiku wa Desemba 9, 1961. Aliwajibu kwamba usiku ule alikuwa mtoto mdogo amelala mgongoni kwa mama yake, na kwamba mama yake ndiye aliyemhadithia.

Ndugu Mgeni Rasmi, tangu Januari 2016 elimu ya msingi imetolewa bila ada wala michango ya lazima, na watoto ambao wangebaki nyumbani wameingia madarasani. Tunalishukuru jambo hilo kwa dhati, na hatutaki lieleweke kama chanzo cha upungufu wetu. Hata hivyo, baadhi ya familia zilidhani kwamba malipo yalipoondoka na wajibu wao uliondoka, na sisi walimu hatukuwaita mapema kuwaeleza vinginevyo. Tena muda umepungua. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unaelekea kwenye elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba. Mtoto atakayemaliza darasa la pili bila kumudu Kusoma, Kuandika na Kuhesabu atakuwa amebakiwa na miaka minne tu, na katika miaka hiyo kila somo litamtaka asome ili aelewe.

Kwa upande wetu tumekubaliana kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili atasoma peke yake mbele ya mwalimu angalau mara moja kwa wiki, katika maandishi ambayo hajawahi kuyasikia, na matokeo yake yataandikwa katika daftari maalumu ambalo mzazi anaruhusiwa kulifungua siku yoyote. Wazazi nao wameahidi dakika kumi kila jioni. Tuliwaonyesha namna: mtoto aguse neno kwa kidole, mzazi afunike picha, kisha amwombe asome sentensi ya mwisho kabla ya ile ya kwanza. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mwanawe amwonyeshe neno "mama" lilipo katika ukurasa, kisha amwombe alitafute tena mahali pengine, na atajua kama mtoto anaona au anakumbuka.

Yaliyo nje ya uwezo wetu ni mawili, nayo tunayaweka mbele yako. La kwanza ni vitabu vya kusoma vya darasa la kwanza na la pili, ili kitabu kimoja kisitumiwe na zaidi ya watoto wawili, pamoja na kabati lenye kufuli, maana vichache tulivyo navyo huharibiwa na unyevu wakati wa masika. La pili ni ukuta. Mikondo miwili ya darasa la pili inasomea katika chumba kimoja kilichotenganishwa kwa ubao wa kuegemeza, na mwalimu mmoja anapofundisha "ng'ombe", mwenzake wa upande wa pili analazimika kuanza upya. Wazazi wamejitolea kufyatua tofali na kutoa nguvu kazi. Tunachokosa ni saruji na mafundi. Tungekuwa na moja tu la kuchagua, tungechagua vitabu.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya risala hii watoto wa darasa la pili watasimama mbele yako. Hawakuandaa wimbo wala ngonjera. Ubao uko pale, na chaki iko mezani kwako. Tunakuomba uandike maneno yoyote kumi ya silabi mbili au tatu unayoyachagua wewe mwenyewe, ambayo sisi walimu hatuyajui, nao watayasoma mmoja mmoja. Wapo watakaokwama, na tunakuomba uwasubiri.

Tunaomba kuwasilisha.